«Niko muzuri»



Wenye kutengeneza gazeti hili walituomba tuandike kidogo juu ya kazi ya kapita, kwa sababu sisi ni finalisti na kisha Egzamen ya Leta hatutakuwa tena hapa. Walifikiri tutaandika juu ya nidhamu, juu ya kengele ya asubuhi, na juu ya wale wanaoruka ukuta kwenda kununua mandazi. Tulikaa na karatasi siku mbili. Mwishoni tuliona kwamba liko neno moja tu ambalo tuna deni la kulisema mbele ya wote, nalo ni neno la pumu, ule ugonjwa wengi wanaouita asme. Neno hilo linaanza na kosa letu wenyewe, na hatutalificha.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi tulikuwa na salongo ya dortwari. Wale wa interna wanajua ginsi inavyokuwa: magodoro yote nje, vitanda vinasogezwa, mavumbi ya tangu mwanzo wa mwaka yanatoka chini ya vitanda na kupanda mpaka kwenye mabati. Sisi tulikuwa tunapita na karatasi ya majina. Kijana mmoja wa mwaka wa nane, mwembamba, mtoto wa Beni, hakuwa kwenye nafasi yake. Tulimkuta nje amekaa kwenye ngazi, fagio kati ya magoti.

— Wewe, nani alikuruhusu kupumzika?

— Yaya Kapita, kifua inanikaza.

— Kila siku ya salongo njo kifua inakukaza?

Hakujibu. Wenzake walicheka, na tuseme ukweli, sisi tulifurahi kidogo kwamba walicheka. Tulimwandika: siku tatu za kukata majani nyuma ya vyoo, saa kumi mpaka saa kumi na moja. Alisema «Ndiyo, Yaya», akarudi ndani kufagia.

Alikata majani siku zote tatu, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hakulalamika, nasi tulisema moyoni, unaona, alikuwa mvivu tu. Usiku wa Jumatano ule, karibu saa nane, mtoto wa kitanda cha jirani alikuja kututikisa mguu. «Yaya, huyu hapumue muzuri.» Tulichukua torshi. Kijana alikuwa amekaa kando ya kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda kila akivuta hewa, na kifua kinapiga filimbi kama birika inayoanza kuchemka. Tulipomwona tulijua mara moja. Hatukujua kwa kusoma vitabu. Tulijua kwa sababu sisi wenyewe ndivyo tunavyokaa.

Ndiyo, wapendwa. Sisi kapita tuna pumu tangu umri wa miaka sita, na katika shule hii hakuna aliyejua. Tangu tulipoingia interna tulikuwa na pompe ya Ventoline ndani ya soksi, na soksi ndani ya kiatu cha Jumapili. Mtatuuliza tulificha kwa nini. Nyumbani kwetu, tulipokuwa wadogo, kuna jirani aliyekataza watoto wake kunywa maji kwa kikombe chetu. Wengine walisema ni ulozi wa upande wa baba. Mama yetu alizunguka na sisi mahali pengi, na katika kituo kimoja, ambacho hatukitaji jina, walitupa antibiotiki mara ine katika mwaka mmoja bila kuweka sikio kifuani. Kisha tukakua, tukawa kapita, na kapita ni yule anayepiga kengele, anayekimbiza wenye kuchelewa. Tuliona haya. Nani ataogopa kapita mwenye kuhema?

Lakini aibu haikuwa sababu yote. Sababu kubwa ni kwamba tuliamini tumeshapona, ao karibu tumepona. Tulikuwa hatujalazwa lopitali tangu miaka mitatu. Mtu akituuliza habari ya mwili, tulijibu «niko muzuri», na hatukufikiri ni bongo.

Turudi kwa usiku ule. Kijana alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Alisema «Yaya», akavuta hewa, akasema «nisamehe», akavuta hewa tena. Tulimuuliza alikuwa na dawa gani, akatikisa kichwa. Basi tulienda kutoa kile kiatu cha Jumapili, mbele ya watoto ishirini na wawili walioamka, tukatoa soksi, tukatoa pompe. Tulimfyatulia mara moja, akapumua, mara ya pili, akapumua, mpaka mara sita. Mlinzi alienda kugonga kwa Bwana Prefe, na Bwana Prefe mwenyewe aliita mtu wa moto. Tulienda watatu kwenye moto moja, kijana katikati, na baridi ya Butembo ya saa nane za usiku mnaijua.

Katika kituo cha afya tulimkuta mama muganga wa zamu. Aliangalia midomo ya kijana kama ni ya bluu, akasikiliza kifua, akamwambia ahesabu mpaka kumi kwa pumzi moja. Kijana alifika tatu. Alichukua chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita, yenye tundu chini, akaingiza pompe yake katika tundu lile, akaweka mdomo wa chupa katika mdomo wa kijana. Anafyatua mara moja, anamwacha avute mara ine ao tano, anafyatua tena. Kisha dakika ishirini anarudilia, na tena kisha dakika ishirini. Alimpa na vidonge vya prednizoloni. Alituambia kwamba hakuogopa sana ile filimbi. Alichoogopa ni kifua kunyamaza kabisa huku mtu angali anavuta kwa nguvu, ao mgonjwa kuanza kusinzia, kwa sababu hapo hewa haipiti tena, na mtu anaweza kufa kabla ya asubuhi. Tulikaa kimya kwenye benchi. Tulikuwa tunahesabu siku tatu za majani.

Karibu saa kumi na mbili asubuhi kijana alilala usingizi wa kweli. Mama muganga aliketi, akaangalia pompe mkononi mwetu.

— Hii ni ya nani?

— Ni yangu, Mama.

— Na wewe, uko namna gani?

— Niko muzuri, Mama.

— Sikukuuliza kama ungali hai, mwanangu. Hizi wiki ine zilizopita zilikuwa namna gani?

Hakuna mtu aliyetuuliza namna ile mbele ya siku hiyo. Wote, na sisi pamoja nao, tulipima pumu kwa mashambulio makubwa: kama hujabebwa, basi huna neno. Yeye alikuwa na maswali mane tu, yote ya wiki ine zilizopita. Alisema ni maswali wanayotumia waganga wa nchi nyingi, yanatoka kwa kundi moja linaloitwa GINA, ambalo tangu mwaka 1993 linakusanya ujuzi wa dunia nzima juu ya pumu. Alitupa kalamu tuandike wenyewe majibu nyuma ya karatasi ya kijana.

Swali la kwanza: mchana, je, kifua kimekaza, ao kimepiga filimbi, ao umekohoa, kupita mara mbili kwa juma? Tulitaka kuandika hapana. Kisha tulikumbuka ibada ya asubuhi. Katika ule ukungu wa saa kumi na mbili na nusu, sisi hatuimbi ubeti wa kwanza. Tunafungua mdomo tu, tunangoja kifua kifunguke, tunaingia kwenye ubeti wa pili. Ilikuwa hivyo karibu kila siku, na tulikuwa tumeshaisahau kuwa ni ugonjwa. Tuliandika ndiyo.

Swali la pili: je, pumu imekuamsha usiku, hata mara moja? Hapa tunaomba wasomaji wasituchekeleze. Bwana Direktere wa nidhamu alitusifu mbele ya shule nzima mwaka uliopita, kwamba kapita huyu anakesha, anazunguka dortwari saa tisa za usiku wakati wengine wamelala. Makofi yalipigwa. Kumbe hatukuwa tunakesha juu ya wajibu. Tulikuwa tumeamshwa na kifua, tunatoka kwenye baraza kutafuta hewa, na tukiwa pale tunapita kuangalia milango kwa sababu tumeshatoka. Mara mbili, mara tatu kwa juma. Tena tulikuwa tunalala kwenye mito miwili na koti limekunjwa chini yake, nusu tumekaa. Mama muganga aliposikia habari ya mito alisema: «Sasa wewe unalala umeshajitayarisha kuamka.» Tuliandika ndiyo.

Swali la tatu: je, umetumia pompe ya kufungua kifua kupita mara mbili kwa juma? Kwa hili hatukuhitaji kukumbuka, hesabu ilikuwepo. Pompe moja iko na mifyatuo 200. Ya kwetu ilikuwa inaisha katika wiki sita. Wiki sita ni siku 42. Gawanyeni wenyewe: karibu mitano kila siku. Alituambia kwamba hata kumaliza pompe tatu za namna ile kwa mwaka kunaonyesha mtu aliye katika hatari ya shambulio baya, na mwenye kumaliza kumi na mbili kwa mwaka, pompe moja kila mwezi, anakaribia hatari ya kufa. Sisi tulikuwa kwenye minane ao tisa. Na tulikuwa tunajisifu kwamba hatukosi dawa!

La ine: je, kuna kitu unaacha kufanya kwa ajili ya pumu? Tulisema hapana, tunafanya yote. «Mupira?» Tulijibu kwamba tuliacha mupira juu ya masomo. Alinyamaza tu, akatuangalia. Na kile kilima cha kutoka barabarani mpaka shuleni? Basi, tunakipanda kwa vituo vitatu. Katika kila kituo tunainama kufunga kiatu. Wenzetu wa darasa walishatupa jina juu ya kamba za viatu zetu, hatutaliandika hapa.

Mane kwa mane. Alituonyesha namna ya kusoma: asiye na ndiyo hata moja, pumu yake imeshikwa vizuri, mwenye moja ao mbili, imeshikwa nusu, mwenye tatu ao ine, haikushikwa hata kidogo. Kijana alipoamka alimuuliza na yeye. Alipata tatu, kwa sababu swali la dawa kwake lilikuwa bure, hakuwa nayo. Kwa hiyo kapita alimshinda mtoto aliyemhukumu kuwa mvivu. Katika maisha yetu ya shule tumepata alama nyingi, lakini zile tunaziweka juu ya zote.

Tumefikiri sana kwa nini hatukuona. Tunadhani ni hivi. Mguu ukivunjika, unajua jana ulikuwa unatembea. Lakini pumu inakunyanganya vitu kidogo kidogo, leo mupira, mwezi mwingine ubeti wa kwanza, kisha usingizi wa chali, na kila kitu kikienda unajitafutia maneno mazuri ya kukisindikiza. Tena mtu mwenye pumu tangu utoto hajui pumzi ya wengine ikoje. Anafikiri wote wanasikia hivyo kifuani, ila wao ni mashujaa kuliko yeye.

Juu ya dawa, tutasema kwa kifupi yale tuliyoelezwa, na mwenye ugonjwa aende mwenyewe kwa muganga. Ndani ya mapafu iko mirija midogo. Katika pumu mirija hii inavimba ndani na kutoa makamasi, na misuli inayoizunguka inakaza. Pompe ya salbutamoli, ile ya bluu wengi wanayoijua, inalegeza misuli kwa dakika chache, na kazi yake inaisha kisha saa chache. Uvimbe haiugusi. Njo maana tulikuwa tunafyatua, tunafunguka, tunakaza tena. Ya kuondoa uvimbe ni nyingine, ya kortizoni ya kuvuta, kama beklometazoni ao budesonidi, nayo inavutwa kila siku, hata siku ambayo husikii kitu. Tangu mwaka 2019 GINA imesema wazi kwamba mtu mzima ao kijana kuanzia miaka 12 asitunzwe kwa salbutamoli peke yake. Sisi tulitunzwa hivyo miaka yote, na ilipokosekana pompe tulimeza vidonge vya salbutamoli kutoka duka la dawa, mikono inatetemeka na moyo unapiga mpaka hatuwezi kushika kalamu ya interrogation.

Dawa ile ya kinga ilikuwa mateso ya aina nyingine, kwa sababu haifanyi kitu siku hiyo. Wiki mbili za kwanza hatukusikia tofauti yoyote. Mama yetu alikuwa ameuza maharagi ya mbegu ili kuinunua, na tulikaribia kumwandikia kwamba amepoteza pesa. Wiki ya tatu tuliamka asubuhi, tukashangaa, maana kulikuwa na mwangaza. Tulilala usiku wote. Bwana Direktere alituita: «Kapita, naona siku hizi hauzunguke tena.» Tulimweleza yote pale pale, na alicheka mpaka akatoa miwani.

Kitu kingine: hata pompe tuliyokuwa nayo hatukujua kuitumia. Mama muganga alituambia tumwonyeshe. Tulifyatua kwanza, kisha tukavuta haraka haraka, na mvuke wote ukagonga ulimi. Inafaa kutikisa, kutoa hewa yote taratibu, kuanza kuvuta polepole na kufyatua wakati ule ule, kisha kufunga pumzi mpaka kumi. Miaka kumi na miwili tulikuwa tunalisha ulimi. Asiyeweza kupatanisha mkono na pumzi atumie chupa, na hata sisi tunaitumia sasa kwa dawa ya asubuhi na jioni, kisha tunasukutua mdomo na kutema maji ili ulimi usipate ukoga mweupe. Chupa ile si ushamba. Waganga wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye shambulio na kuchapa matokeo mwaka 1999: chupa ya nusu lita iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kandokando ilifanya kazi sawa na kile chombo kinachouzwa dukani kwa bei kubwa. Tundu linatobolewa kwa waya wa moto, la kadiri ya mdomo wa pompe, na ufa wowote unazibwa kwa gundi.

Pia alikuwa na kipimo, bomba dogo lenye mshale, chombo kilichotungwa na Mwingereza Martin Wright katika miaka ya 1950. Unasimama, unajaza kifua, unapuliza mara moja kwa nguvu yote, mara tatu, unaandika kubwa. Asubuhi ile tulipuliza 310. Mwezi wa pili tulipuliza 460. Kila mtu anajilinganisha na namba yake kubwa ya siku za uzima, si na ya mwenzake: ukiwa juu ya sehemu 80 kwa 100 uko sawa, chini yake uangalie, chini ya nusu ukimbie lopitali. Kwetu 80 kwa 100 ni 368. Mnaona basi kwamba ile asubuhi ya «niko muzuri» tulikuwa mbali chini ya mstari, na mdomo wetu haukujua.

Kijana alilala kituoni siku mbili. Alipimwa na makohozi, kwa sababu alikuwa anakohoa kupita wiki mbili na muganga hakutaka kudhani tu. Kifua kikuu hakikuonekana. Aliporudi, kisha ibada ya jioni, tuliomba ruhusa kwa mchungaji wa shule, tukasimama mbele ya interna yote. Tulisema kwamba azabu tuliyompa ilikuwa kosa, na kwamba sisi wenye kumpa tuna ugonjwa ule ule. Palikuwa kimya. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengine mengi, hayakutoka. Kijana, aliyekuwa ameketi mbele, alisema: «Yaya, haina neno.» Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama sasa tutacheza mupira. Wote walicheka, na sisi.

Usiku ule watu watano walikuja kwenye kitanda chetu, mmoja mmoja, wakisema kwa sauti ndogo. Watatu walionekana kuwa na pumu walipoenda kupimwa. Mmoja ni rafiki yetu wa darasa, tulikaa naye benchi moja miaka miwili.

Kulikuwa na ndugu waliosema kwamba mwenye imani anaweza kutupa pompe. Tunawaheshimu, maana wao wenyewe waliombea kijana usiku wote ule. Mchungaji aliwajibu kwa upole kwamba yeye anavaa miwani kusoma Neno la Mungu na hajaona kwamba miwani inapunguza imani. Maneno yaliishia hapo.

Wengine walidhani mwenye pumu sasa atasamehewa kila kazi na kila mchezo. Sivyo. Mwingereza Paula Radcliffe ana pumu, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyokaa mpaka 2019. Na mwalimu wetu wa historia alituambia jambo la hapa kwetu Kivu. Che Guevara, aliyefika katika milima ya Fizi mwaka 1965, aliugua pumu tangu utoto wake, na pale alipewa jina la Kiswahili, Tatu. Siasa yake hatuisemi, gazeti hili si la siasa. Tunasema tu kwamba ile milima tunaijua kwa kuambiwa, si ya kupanda kwa vituo vitatu.

Bwana Prefe alikubali mambo mawili. Sakafu inanyunyiziwa maji kabla ya kufagia, na wenye pumu wanafanya salongo ya nje, si ya mavumbi. Wanafanya, hawakai. La tatu bado: moshi wa jiko letu, ule wa kuni mbichi za kalitusi, unaingia moja kwa moja kwenye dortwari ya wadogo upepo ukitoka bondeni. Dohani imeandikwa katika mpango wa mwaka tangu muhula wa kwanza. Tunajua pesa ni kidogo. Tunaikumbusha tu, kwa adabu, kwa sababu kijana wetu analala dirisha la pili.

Tumefungua pia daftari. Kila Jumamosi, mbele ya salongo, sisi watano tunakaa kwenye ngazi zile zile na kujibu maswali mane. Hakuna kusema «niko muzuri». Ni kuandika mara ngapi. Mwanzoni kila mtu alidanganya kidogo, sisi wa kwanza, kisha tuliona kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake usiku, haina faida. Kijana wa Beni ameandika sufuri kwa yote majuma sita mfululizo, na juma la saba ameandika usiku mara moja, dawa mara mbili: alikuwa amemaliza pompe ya kinga siku tano na aliogopa kumwambia mama yake. Hilo daftari lilimsemea. Rafiki yetu wa darasa bado ana ndiyo mbili, na amerudi kwa muganga. Sisi, juma lililopita, mchana mara moja, usiku hakuna, dawa mara moja. Kwenye nafasi ya kilima tuliandika: tulisimama mara moja, kufunga kiatu. Walitaka tufute. Hatukufuta, kwa sababu kiatu kilikuwa kimefunguka kweli.

Daftari liko katika sanduku la bluu karibu na mlango wa dortwari ya pili, pamoja na chupa mbili zilizotobolewa na pompe moja ya salbutamoli iliyonunuliwa na Bwana Prefe. Sanduku halina kufuli. Kisha mwezi wa sita litakuwa kwa kapita mupya, ambaye hana pumu, lakini ameshafundishwa kufyatua na kuhesabu mpaka kumi.

Kapita wa interna, finalisti